Umewekewa vyuma vya meno ukiwa mtu mzima? Mwongozo kamili wa wiki sita za kwanza

Mwezi huu peke yake nimepigiwa simu na watu watatu, wawili wa hapa Kirumba, Mwanza, na mmoja wa Nansio, Ukerewe, wote watu wazima na familia zao, wote kilio kimoja. Vyuma havijamaliza hata wiki sita, breketi zimeng'oka mbili tatu, fizi zimevimba zinatoa damu, na mmoja alishaanza kuulizia mtu wa kumtolea kabisa yaishe. Nikiwauliza unapigaje mswaki, ulikula nini, nta unaiwekaje, nakuta ni makosa yaleyale niliyofanya mimi nilipowekewa nikiwa na miaka 38. Sasa nimeona niandike yote mara moja, mtu asome, asinipigie saa nne usiku.

Mimi sio daktari, nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni. Daktari wako akikwambia tofauti na nilivyoandika hapa msikilize yeye, ndo aliyeuona mdomo wako.

Na tuelewane kitu kimoja kabla hatujaanza. Watu wazima tunajiandaa kwa maumivu, tunaogopa maumivu, tunaulizana maumivu, wakati maumivu yenyewe ni ya siku chache tu. Kinachotushinda ni kula na kusafisha, ndo maana hatua hizo mbili nimeziandika ndefu kuliko nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Nunua mapema, maana ukishawekewa hutakuwa na hamu ya kuzunguka famasi.

- Nta ya vyuma, pakiti mbili. Ile maalum ya mdomoni, sio ya mshumaa. Mara nyingi kliniki wanakupa moja, omba na ya pili.
- Miswaki miwili laini yenye kichwa kidogo, mmoja wa nyumbani mmoja wa kazini.
- Vibrashi vidogo vya kupita chini ya waya. Vipo kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto ila vyembamba kama njiti ya kiberiti. Famasi wakikuangalia kama hawaelewi, ulizia kliniki.
- Dawa ya meno yenye floraidi. Geuza boksi, tafuta namba kati ya 1,350 na 1,500 ppm. Kuna zilizoandikwa mitishamba ambazo hazina floraidi hata kidogo, soma usinunue kwa rangi.
- Kioo kidogo cha mkononi. Tochi ya simu unayo.
- Chumvi ya kawaida, Panadol, tishu.
- Kisu kidogo cha kukunja.
- Raba ya kufutia penseli, mpya. Usicheke, utaona kazi yake huko chini.
- Kipochi cha zipu cha kubebea hivi vyote.

Majina pia tuyajue. Breketi ni vile vidude vinavyogundishwa mbele ya kila jino. Waya ndo unaopita kwenye breketi zote kutoka gego la huku hadi la kule, na ndo unaovuta. Viraba vya duara vinaushikilia waya usitoke. Ukijua hayo hata ukipiga simu kliniki wanakuelewa, sio unasema "kile kidude kimetoka kwenye kile kingine."

Hatua ya 1: Malizia matatizo ya mdomoni kwanza

Hii inatuhusu watu wazima kuliko watoto. Kama fizi zinatoa damu, kama una ugaga mgumu nyuma ya meno ya chini, kama kuna jino limetoboka, vitibiwe kabla. Jino linasogezwa ndani ya mfupa, na mfupa ukiwa umeshaliwa na ugonjwa wa fizi, ukilivuta jino unalilegeza zaidi. Daktari akikwambia tusafishe kwanza, turudi baada ya muda, hakuzungushi.

Mwambie ukweli kama una kisukari, una mimba, una jino la bandia, au unatumia dawa za mifupa. Wengine tunaficha umri na magonjwa hadi kwa daktari sijui tunamficha nani.

Chagua Alhamisi au Ijumaa ili wikiendi ikukute nyumbani. Siku hiyo kula ushibe kabla ya kwenda, kula kabisa ugali wako, kwa sababu mlo mwingine kama huo utachelewa. Piga mswaki vizuri. Na kabla hujanyanyuka kwenye kile kiti, chukua namba ya simu ya kupiga kitu kikiharibika.

Onyo: kuna vyuma vya urembo, vya kubandika, vinavyowekwa na mtu asiye daktari. Usiguse. Waya unaovuta bila mpango unaweza kukulegezea meno mazima, na wewe sio mtoto kwamba yataota mengine.

Hatua ya 2: Siku tano za mwanzo

Ukitoka hutasikia kitu, utajisifu. Masaa machache baadaye inaanza kama meno yamebanwa na mlango, sio ya kupiga kelele ila ipo tu. Inakuwa kali zaidi siku ya kwanza na ya pili, halafu inashuka, na wengi kufikia siku ya tano au wiki hivi imeisha. Inauma kwa sababu kuna kauvimbe kadogo ndani ya mfupa kuzunguka mzizi wa jino, ndo namna jino linavyopata njia ya kusogea.

Kunywa Panadol mapema, usisubiri mpaka ulie. Mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, subiri masaa 6 ndo urudie, visizidi 8 kwa masaa 24. Kama una tatizo la ini au unakunywa pombe sana muulize mfamasia kwanza. Na angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli humohumo ndani, unajikuta umezidisha bila kujua.

Usikimbilie diklofenaki za dukani. Hizo na ibuprofeni zinachoma tumbo hasa ukiwa hujala, na siku hizi ndo hujala, afu zinapunguza uvimbe uleule ambao jino linauhitaji kusogea, ndo maana madaktari wengi wanakuelekeza parasetamoli.

Maji ya baridi yanasaidia sana, unayashikilia mdomoni kidogo halafu unameza. Maji ya baridi nimesema, barafu ya kutafuna hapana.

Sasa kitu kitakachokushtua: meno yatacheza. Utayagusa kwa ulimi utahisi yanayumba. Mimi usiku wa tatu niliamka nikawasha taa nikasimama mbele ya kioo nikijua asubuhi nitayaokota kwenye mto. Kucheza kidogo ni kawaida, ndo yanasogea. Jino likicheza sana, la kwenda mbele na nyuma kabisa, hapo piga simu.

Utajua umefaulu: siku ya tano au ya sita unaamka husogelei Panadol, na ukigonganisha meno polepole hayakupigi shoti.

Hatua ya 3: Nta na vidonda vya mashavu

Meno yakitulia, mashavu yanaanza. Ndani ya midomo kumezoea kitu laini, sasa kunasuguana na chuma kutwa nzima, na kama kazi yako ni kuongea kama mimi ninayeita wateja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, utachubuka tu.

Kosa ambalo wote watatu walifanya: wanabandika nta kwenye breketi yenye mate. Haishiki, inadondoka, wanasema nta mbovu. Fanya hivi:

1. Nawa mikono.
2. Kausha breketi na tishu, vuta shavu pembeni, sekunde kumi hivi.
3. Kata nta saizi ya punje ya choroko, iviringishe kwa vidole mpaka ilainike.
4. Ibonyeze juu ya breketi mpaka uione imeingia pembeni, halafu ilaze kwa kidole iwe laini.

Itoe kabla ya kula na kabla ya mswaki. Ukiimeza kwa bahati mbaya haina shida.

Ila usijaze nta mdomo mzima kila siku. Weka panapochubuka tu. Ngozi ya ndani inatakiwa ijifunze, inakomaa ndani ya wiki moja au mbili, na ukiifunika kila mahali inachelewa kukomaa. Na nta usiiache kwenye dashibodi ya gari au kwenye banda la bati mchana, jua la Mwanza litakurudishia mafuta.

Vidonda vyenyewe: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua nusu dakika, tema, mara tatu nne kwa siku. Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili kaonyeshe, usikizoee.

Hatua ya 4: Kula (hapa ndo breketi zinapong'okea)

Breketi imeshikiliwa na gundi tu, haijapigwa msumari. Gundi yenyewe imepimwa iwe imara ya kukaa lakini daktari aweze kuitoa mwishoni bila kuvunja jino. Kwa hiyo ukiing'ata kitu kigumu inatoka, na kila ikitoka lile jino linabaki limesimama wakati wenzake wanasogea, safari inarefuka. Kuanzia leo meno ya mbele yamestaafu kung'ata. Kukata ni kazi ya kisu na vidole, kutafuna ni kazi ya magego.

*Siku ya 1 mpaka ya 3.* Uji, mtori, viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, parachichi, ndizi mbivu, wali uliolainika, maharage yaliyoiva mpaka yamepasuka. Uji wa ulezi ndo ulionibeba, ila uchujwe vizuri. Supu ya samaki ni nzuri lakini kunywa mchuzi, minofu ichambue pembeni.

*Kuanzia siku ya 4.* Rudi kwenye chakula. Nimeona watu wanakaa na uji miezi miwili, wanakonda, wanachukia vyuma, wanavitoa. Hamna sababu. Ugali ni rafiki yako, tonge dogo, unamezwa bila kutafunwa sana. Wa mahindi lakini. Ugali wa muhogo unavutika, unaganda kwenye waya kama gundi, mpaka uzoee kusafisha kwanza.

Sato: usimle kwa mdomo kama zamani, mwiba unatafutwa kwa ulimi. Ulimi wako siku hizi una kazi nyingine, na mwiba ukiingia kati ya waya na ufizi utaukoma. Chambua kwa vidole, bonyeza kila kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, ukihisi kitu toa, ndo upeleke mdomoni. Kichwa cha sato, kile cha kunyonya na kuvunjavunja, kiheshimu kwa muda. Mapanki pia, yale mifupa ya sangara yanayobaki minofu ikitolewa. Sangara wa minofu ndo mwepesi kuliko wote.

Dagaa. Hii naongea kama mwenye mali. Dagaa wa kukaangwa mpaka wakakauka ni sindano, kichwa kinapenya chini ya waya kinakaa humo kinakutazama, na mkia unachoma ufizi. Wachambue vichwa, walowekwe maji ya moto, wapikwe na nyanya na karanga za kusaga mpaka walainike, utakula bila tabu. Wa kukaanga watarudi baadaye.

Nyama choma unakata vipande saizi ya ukucha, unatafuna kwa nyuma. Ile ya kuvuta kwa meno shingo inaenda huku mkono unaenda kule, basi. Kuku toa kwenye mfupa. Chapati chana kwa mkono. Embe kata na kisu, halafu jiandae na nyuzi. Pera na tofaa kata vipande vyembamba.

Mahindi ya kuchoma ndo yaliyonitoa breketi ya kwanza. Wiki ya tatu, nimeshuka Buzuruga, njaa inauma, nikasema moja tu nang'ata kwa upole. Punje ya nne nikasikia "tik" ndogo, nikadhani ni hindi, kumbe breketi ya chonge imeachia jino, inazunguka kwenye waya kama shanga. Mama muuzaji ananiangalia, "Mayu, umevunjika jino?" Nikamwambia sijavunjika jino, nimevunjika akili. Mahindi ya kuchemsha yapukuchue kwanza, ya kuchoma achana nayo.

Sasa matobolwa. Nyie wa usukumani mnanielewa, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Matobolwa makavu ni magumu halafu yakilainika mdomoni yananata, yaani yanakung'oa mara mbili. Ukishindwa kuvumilia, yaloweke na kuyachemsha mpaka yarudi kuwa kiazi. Michembe, ile ya viazi vilivyokatwa vikakaushwa vibichi, ikichemshwa vizuri haina neno.

Visivyokuwa na mjadala: muwa, barafu, karanga na korosho nzima, bisi, ubuyu wa punje, kashata, tofi, bigijii, kufungua soda kwa meno (wapo, nawajua), kutafuna kalamu.

Sukari ni habari nyingine. Soda au chai ya vijiko vinne ukiinywa kidogokidogo kutoka asubuhi hadi mchana, meno yanaloa sukari masaa yote hayo na bakteria wanatengeneza asidi bila kupumzika. Kama lazima unywe, inywe pamoja na chakula, imalize, sukutua maji.

Kama viraba vyako ni vyeupe au vya rangi ya mwanga, mchuzi wenye manjano utavigeuza njano siku hiyohiyo. Haina madhara, vitabadilishwa. Ila mimi baada ya pilau ya harusi moja nilikaa wiki tatu nikicheka na mkono mdomoni, tangu hapo nachukua viraba vya kijivu.

Utajua umefaulu: wiki mbili zimepita, uzito haujashuka, na ukipitisha kidole polepole juu ya kila breketi hakuna inayocheza.

Hatua ya 5: Mswaki, polepole na kwa kioo

Vyuma vyenyewe haviozeshi meno. Kinachoozesha ni chakula na utando unaobaki kuzunguka breketi. Ukizembea, ndani ya mwezi mmoja tu zinaweza kuanza alama nyeupe kama chokaa kwenye jino, madini yameliwa. Alama hizo mara nyingi hazifutiki kabisa. Fikiria umevaa vyuma mwaka na nusu, siku vinatolewa meno yamenyooka lakini kila jino lina fremu nyeupe ya mahali breketi ilipokuwa.

Mara ya kwanza itachukua dakika kumi, usijali, baadaye itakuwa nne tano.

1. Sukutua maji kwa nguvu, yapitishe huku na huku. Yanatoa vipande vikubwa.

2. Pita na kibrashi kidogo kabla ya mswaki. Kiingize chini ya waya kutoka juu, pembeni ya breketi, sugua mara tatu, halafu pembeni ya pili. Nenda jino moja moja. Kikigoma usilazimishe, badilisha pembe. Usitumie kijiti cha kuchokonolea, kinavunjikia humo.

3. Mswaki na dawa, mistari mitatu. Mstari wa kwanza ni kati ya breketi na ufizi, mswaki umeinamia ufizi, miduara midogo. Huu ndo mstari ambao watu wanauruka kwa sababu ufizi unauma au unatoa damu, na unatoa damu kwa sababu wanauruka. Mstari wa pili juu ya breketi yenyewe. Wa tatu upande mwingine wa breketi, mswaki umegeuzwa.

4. Ndani, upande wa ulimi, na juu ya magego. Chuma hakipo huku kwa hiyo tunapasahau.

5. Tema povu lakini usisukutue na maji mengi. Floraidi ibaki kwenye meno ifanye kazi. Hii tulifundishwa kinyume tangu shule ya msingi, najua.

6. Washa tochi ya simu, shika kioo, angalia. Breketi inatakiwa ing'ae pembeni zote. Ukiona ukungu mweupe kama unga wa muhogo kati ya breketi na ufizi, rudi mstari wa kwanza.

Usiku ndo lazima kuliko zote, hata uwe umechoka vipi, kwa sababu ukilala mate yanapungua na hakuna kinachosafisha. Mchana kazini ukikosa nafasi, angalau maji na kibrashi. Mimi Mwaloni sina sinki, nina chupa ya maji nusu lita na kipochi, naenda nyuma ya magunia, nainama, dakika tatu nimemaliza. Siku za kwanza niliona aibu, vijana wa kubeba mizigo wakaniuliza dada unatapika? Wakazoea.

Mswaki wa mti kwa kipindi hiki pumzisha, hauwezi kupita chini ya waya na ukiuvuta pembeni unabeba breketi. Uzi wa meno kama unaweza kuupitisha chini ya waya usiku, vizuri sana, usipoweza mwombe daktari akuonyeshe.

Utajua umefaulu: baada ya wiki mbili fizi hazitoi damu tena ukisugua, hazijatuna juu ya breketi, na mdomo ukiamka hauna ile harufu nzito. Zikiendelea kutoa damu na unasafisha kweli, karudi, yawezekana kuna ugaga umebaki.

Hatua ya 6: Ulimi na maneno

Siku za mwanzo "s" na "z" zitatoka na hewa. Dawa ni kusoma kwa sauti, robo saa kila jioni, gazeti, Biblia, Kurani, chochote. Mimi nilikuwa najitungia: "Sisi wa Sengerema tunasafirisha sato sita safi." Watoto walinicheka, wiki moja ikaisha, sauti ikarudi. Kama una kazi ya kuongea mbele za watu, usiweke vyuma siku mbili kabla ya hiyo kazi.

Wengine magego yao yanawekewa kitu kama simenti juu ili meno ya juu yasigonge breketi za chini. Mdomo haufungi vizuri, unatafuna kama mbuzi mzee. Ni makusudi, usikikwangue.

Hatua ya 7: Raba za kuvuta, kama umepewa

Hizi ni zile unazozivaa mwenyewe kutoka taya la juu hadi la chini. Kama umeambiwa uvae muda wote, ni muda wote, mchana na usiku, unatoa wakati wa kula na mswaki tu. Ukivaa leo ukaacha kesho, meno yanaenda yanarudi na kila ukianza upya yanauma upya. Usivae mbili pamoja ili uwahi, unaumiza mzizi. Zikiisha, kazifuate siku hiyohiyo, usitumie raba za kufungia hela.

Hatua ya 8: Kitu kikiharibika

*Breketi imeachia lakini ipo kwenye waya:* iwekee nta isizunguke, piga simu, ulizia uje lini. Ikitoka kabisa iweke kwenye kikopo kisafi uende nayo. Usigundishe mwenyewe. Mmoja wa wale watatu alitumia gundi ya kuzibia viatu, jino likabadilika rangi na daktari akatumia muda mrefu kukwangua.

*Waya unachoma shavu:* hapa ndo ile raba ya penseli. Ioshe, kwa ncha yake sukuma waya polepole ulale kwenye jino, halafu nta juu. Ukigoma kabisa na kliniki ni mbali, kuna wanaokata kwa kikata kucha kilichosafishwa kwa maji yaliyochemka, lakini iwe ni suluhisho la mwisho, mtu mwingine akushikie tishu pale kipande kidondokee, na piga simu kwanza.

*Umemeza breketi:* mara nyingi inapita na choo. Lakini ukianza kukohoa sana, kupumua kwa shida au kifua kinauma, ni hospitali sasa hivi, inaweza kuwa imeingia njia ya hewa.

*Uso umevimba, una homa, au usaha unatoka kwenye ufizi:* usisubiri tarehe yako.

Bodaboda vaa helmeti iliyofunika uso ukiweza. Ukianguka na vyuma mdomo unachanika kutoka ndani.

Hatua ya 9: Tarehe za kurudi

Kawaida unarudi kila baada ya wiki 4 mpaka 8. Kazi nzima mara nyingi ni miezi 18 mpaka 24, na watu wazima tunaweza kuzidi hapo kwa sababu mfupa wetu unabadilika taratibu kuliko wa mtoto. Ukiruka tarehe unapoteza kwa njia mbili, viraba vinachoka haviushikilii waya vizuri, na kama waya umeanza kupeleka jino pasipotakiwa hakuna mtu anayeona.

Wa Sengerema siku hizi mna daraja la Kigongo-Busisi, kile kisingizio cha foleni ya kivuko kimeisha. Wa Ukerewe ndo nawaonea huruma, ziwa likichafuka safari imekufa, kwa hiyo ombeni tarehe za mapema katika wiki ili ikishindikana leo kesho bado wapo, na mkiona hali ya hewa mbaya pigeni simu msikae kimya.

Baada ya kukazwa maumivu yanarudi siku moja mbili, madogo kuliko ya mwanzo. Kula kabla ya kwenda. Na kabla hujatoka mlangoni uliza: tarehe ijayo ni lini, raba zinatosha mpaka hapo, kuna jino lolote sisafishi vizuri? Hilo la mwisho mwombe akuonyeshe kwa kioo, aguse na kidole, maana "meno ya nyuma huko" kila mtu anaambiwa. Mimi la kwangu ni gego la chini kulia, kila mwezi lilelile.